Kutafuta maneno kwenye grafu: faharasa ya ndani ya Neo4j au Elasticsearch ya pembeni?

Mleta mada
Wanajukwaa, nina grafu ya makala na waandishi katika Neo4j, hifadhidata ambamo kila makala na kila mwandishi ni nodi zilizounganishwa kwa uhusiano, na nataka mtumiaji aandike maneno mawili matatu apate makala husika pamoja na waandishi wake. Je, nitumie faharasa ya matini (orodha ya maneno na nodi yalimo) iliyomo humohumo, au ninakili maandishi kwenda Elasticsearch, seva ya utafutaji inayojitegemea, pamoja na kitambulisho cha nodi? Zote mbili zimejengwa juu ya Lucene, maktaba ya msimbo wa utafutaji, ndiyo maana nasita.

NodiPweke
Kwa kuwa injini ni ileile, mimi ningeuliza nani atahakikisha nakala mbili zinalingana. Faharasa ya ndani, usipobadili mipangilio yake, huandikwa katika muamala (kundi la mabadiliko yanayofanikiwa au kushindwa kwa pamoja) uleule unaoigusa nodi, hivyo makala ikifutwa hupotea pia kwenye matokeo. Huko nje, seva ya pili ikizima katikati ya kazi, utarudishiwa makala zisizokuwepo. Yalinikuta, nikalazimika kuijenga faharasa nzima upya. Tena usihifadhi kitambulisho cha ndani cha Neo4j, kwani nodi ikifutwa namba yake huweza kupewa nodi nyingine. Kuiunda ni mstari mmoja:

`CREATE FULLTEXT INDEX tafuta FOR (n:Makala) ON EACH [n.kichwa, n.maelezo]`

Hata hivyo, mpangaji wa hoja, sehemu ya Neo4j inayochagua njia ya kujibu hoja, haitumii faharasa hii kwa hiari yake. Ni lazima uiite kwa `db.index.fulltext.queryNodes('tafuta', $maneno)`, inayorudisha nodi na alama ya jinsi inavyolingana na maneno, kisha uufuate uhusiano hadi kwa mwandishi ndani ya hoja hiyohiyo.

Msimbo_Mkavu
Nakubaliana naye, ila ukihitaji kukoleza maneno yaliyopatikana ili yaonekane wazi katika matokeo au kugawa faharasa kwenye seva kadhaa, Elasticsearch inastahili usumbufu wake.

HerufiTatu
Hamjagusa lugha. Kichanganuzi cha kawaida, kinachoyagawa maandishi kuwa maneno ya faharasa, huyaona *anasoma*, *walisoma* na *kusoma* kuwa maneno matatu yasiyo na undugu, na vile vya Kiingereza hukata mwisho wa neno ilhali Kiswahili hubeba mengi mwanzoni. Neo4j ina faharasa nyingine, ya TEXT, ambayo katika matoleo ya karibuni huyagawa maandishi katika herufi tatu tatu, na `CONTAINS 'soma'` huyapata yote. Lakini haitoi alama za kupanga matokeo, hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na ukitafuta *tabu* ili upate kitabu na vitabu, wenye tabu zao nao watajitokeza.

Mleta mada
Basi nitabaki ndani. Nitaongeza sifa ya `mashina`, ambamo msimbo wangu utaandika shina la kila kitenzi wakati wa kuhifadhi makala, na kuiingiza katika faharasa hiyohiyo.

NodiPweke
Vizuri, ila maneno ya mtumiaji yasafishe kabla ya kuyapeleka. Lucene huyasoma mabano na nukta mbili kama amri, hivyo mtu akifungua mabano asiyafunge, hoja nzima huanguka.