Tupeane uzoefu: semesta ya mwisho chuoni, klirensi na miezi ya kusubiri cheti

Mwanzisha uzi
Habari zenu wakuu. UE (mitihani ya kumaliza semesta) za mwisho zikiisha mwezi wa saba, finalisti wengi, yaani wa mwaka wa mwisho, hufunga begi siku ileile na kurudi nyumbani. Mahafali huwa miezi kadhaa mbele, cheti baadaye tena, na hapo katikati ndipo watu hukwama. Kinachowakwamisha ni karatasi, maana mitihani imeshapita. Wenye kujua mambo haya tuandike hatua kamili: nani anasaini nini, kipi kinaanza, wapi panaharibika na kwa nini. Tuwasaidie wadogo zetu wakiwa bado wako chuoni, kwa sababu ukiwa Sumbawanga sahihi moja ya Dar inakugharimu nauli ya kwenda na kurudi.

Mtu wa Hesabu
Nianze na GPA (wastani wa alama zako zote za chuo), maana wengi husubiri matokeo badala ya kupiga hesabu mapema. Shahada ya miaka mitatu ina angalau krediti 360. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Zidisha pointi kwa krediti za kila somo, jumlisha, gawanya kwa jumla ya krediti.

Mfano: umemaliza semesta tano, krediti 300, GPA 3.44. Una pointi 1,032. Kuingia Upper Second (daraja la pili la juu) unahitaji 3.5, yaani 3.5 mara 360, ambayo ni 1,260. Zimebaki pointi 228 ndani ya krediti 60. Kama masomo ni matano ya krediti 12, ukipata B+ nne na B moja umefika 228 kamili. Hiyo B moja ikishuka kuwa C, unabaki 3.46, na usitegemee kupandishwa: kanuni za vyuo vyetu kwa kawaida hukata desimali, kwa hiyo cheti kitasoma 3.4, Lower Second. First Class inaanzia 4.4.

Kwa hesabu hii utajua somo gani ulilale nalo na lipi umeshalimudu. Ripoti ya utafiti nayo ni krediti, usiiache ya mwisho.

Mama Ripoti
Hapo kwenye ripoti niongeze. Anayesubiri UE ziishe ndipo aanze sura ya nne hugundua msimamizi ameshasafiri. Mpe sura mojamoja, na kila akirudisha andika tarehe na marekebisho aliyoyataka, ili asiyasahau wala wewe usiyasahau. Kabla ya kupeleka kwenye mashine ya kukagua unakili, hakiki kwamba kila chanzo kilichotajwa ndani kimo kwenye orodha ya marejeo, na kinyume chake. Usibandi jalada gumu mpaka marekebisho ya mwisho yamesainiwa, maana ukurasa mmoja ukibadilika unabandi upya nakala zote.

Alama ya ripoti isipoingia kwenye mfumo, matokeo yako yanakaa kama hayajakamilika. Orodha inayopelekwa Seneti (kikao cha chuo kinachoidhinisha wahitimu) inapita bila jina lako, hata kama masomo mengine yote umefaulu. Baada ya kukabidhi, fuatilia idarani mpaka uambiwe alama imeingia.

Mzee wa Klirensi
Klirensi, yaani zile sahihi za kuthibitisha hudaiwi kitu chuoni, fanya kabla hujaondoka, chuo kikishaifungua. Mpangilio unaofaa: maktaba kwanza (kitabu kimoja kilichopotea kinaweza kuchukua siku nyingi kwa sababu lazima ulipe au ununue kingine), halafu maabara au idara, bweni, michezo, serikali ya wanafunzi, na mhasibu mwishoni. Mhasibu hukagua madeni yote, ukimwanza yeye atakurudisha. Chapisha taarifa ya malipo ya miaka yote na risiti zako; malipo ya kontrol namba yaliyoingia mwaka tofauti huonekana kama deni. Bwenini kagua chumba na mlezi mkiwa pamoja, funguo na godoro viandikwe kwamba vimerudi.

Piga nakala ya fomu iliyosainiwa, baki nayo. Na hamisha mafaili yako kutoka kwenye barua pepe ya chuo, nyingi hufungwa baada ya muda.

Mkaguzi wa Majina
Wakuu, naomba mnisome taratibu hapa, kwa sababu hili ndilo linaloangusha watu wengi wenye GPA nzuri.

Weka mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cha sita, taarifa zako kwenye mfumo wa chuo, na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa). Soma herufi kwa herufi. Je, majina ni mawili au matatu? "Mohamed" au "Mohammed"? Jina la kati limeandikwa kamili au herufi moja? Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zilinganishe na cheti cha kuzaliwa papo hapo.

Kosa likiwa kwenye mfumo wa chuo, liombe lirekebishwe kabla vyeti havijachapwa. Barua moja kwa msajili na nakala ya cheti cha kidato cha nne kwa kawaida hutosha. Kikishachapwa, kazi inakuwa kubwa mno. Kosa likiwa NIDA, nenda ofisi ya wilaya na vyeti halisi, lipa kwa kontrol namba tu. Kama jina lilibadilika kweli, unahitaji deed poll (hati ya kubadili jina) iliyoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Matangazo ya ajira serikalini huitaka wazi kwa mwenye majina yanayotofautiana. Kiapo cha kawaida cha mahakamani wengine hukikubali, wengine hapana. Usikitegemee.

Finalisti wa Dodoma
Asante sana kaka. Je, na matokeo tu ya mtandaoni naweza kuomba kazi kupitia Ajira Portal, ule mfumo wa ajira serikalini?

Mkaguzi wa Majina
Hapana, dada. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira husema wazi kwamba hati za matokeo, za muda au za kidato cha nne na sita, hazikubaliki. Wanataka vyeti vyenyewe na transkripti. Lakini akaunti fungua sasa: jaza taarifa binafsi kwa NIDA, pakia vyeti vya sekondari vilivyothibitishwa na wakili au hakimu, andaa CV yenye wadhamini watatu wanaopokea simu. Barua ya maombi iandikwe kwa Katibu, kwa anwani iliyo kwenye tangazo, na isainiwe kwa kalamu kabla ya kuskani. Matangazo mengi hukaa wiki mbili tu, kwa hiyo aliye tayari ndiye anayewahi.

Wakati huo barua ya chuo ya kuthibitisha umemaliza inatosha kwa kampuni nyingi binafsi na kwa kujitolea. TaESA (huduma za ajira za serikali) nao huwaunganisha wahitimu na taasisi za mafunzo ya uzoefu wa kazi.

Mhandisi Mstaarabu
Kila fani ina mlango wake. Wahandisi: jisajilini ERB (bodi ya usajili wa wahandisi) kama wahitimu, halafu muulizie SEAP, mafunzo ya miaka mitatu chini ya mhandisi aliyesajiliwa, kumbukumbu za kazi zianze siku ya kwanza, kuzijaza kwa kukisia baadaye huonekana. Wanasheria ni Law School. Madaktari ni mwaka mmoja wa utarajali. Wahasibu wanaweza kuanza mitihani ya NBAA, bodi yao ya taifa. Walimu, siku hizi nanyi mnapita kwenye usaili, kwa hiyo notsi za mbinu za kufundishia msizigawe.

Binti wa Bodi
Mkopo: pakua taarifa ya deni lako kwenye akaunti yako ya HESLB (Bodi ya Mikopo) ukiwa bado unakumbuka nywila. Ukiajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Msingi wa 700,000 unakatwa 105,000. Mwajiri ana siku 28 za kuitaarifu Bodi; usinyamaze asipofanya hivyo, deni ni lako. Uliyejiajiri kiwango cha chini ni 100,000 kwa mwezi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliondolewa mwaka 2021, ukiiona kwenye hesabu ya baada ya hapo ulizia.

Bumu (fedha ya kujikimu ya mkopo) la mwisho (10,000 kwa siku, robo ya siku 60 ni 600,000) saini kabla ya kuondoka. Humo tenga fedha ya wakili, skani, picha, joho na nauli ya kurudi kuchukua cheti. Simu mpya isubiri.

Mpangaji
Wanaobaki mjini: mwenye nyumba Dar huomba kodi ya miezi mitatu hadi sita mbele, na dalali huchukua sawa na mwezi mmoja. Chumba cha 60,000 kwa miezi mitatu kinahitaji 240,000 kabla hujanunua ndoo. Wawili wakichangia ni 120,000 kila mmoja, lakini mkataba uwe na majina yote mawili. Ulizeni luku kama ni ya peke yenu. Na bima ya mwanafunzi ina mwisho wake: angalieni tarehe kwenye kadi, kama kuna jino au miwani ya kushughulikia, nendeni wiki hii.