Guangzhou, Shenzhen au Hong Kong: mtoto akae wapi, na mie nitembee wapi?

Mama_Jangombe:
Assalam alaykum jamani. Kijana wangu kamaliza skuli na alhamdulillah kakubaliwa vyuo viwili China, kimoja kipo Guangzhou kimoja Shenzhen, fani ni hiyo hiyo ya kompyuta, ada zinakaribiana, kazi iliyobaki ni kuchagua mji. Baba yake anataka Shenzhen kwa sababu ndo mji wa teknolojia, mie moyo wangu uko Guangzhou kwa sababu nnasikia watu wetu wapo. Miaka minne si mchezo. Nataka akae pahala atapata chakula cha halali, Ijumaa aswali bila ya kusafiri, na akiumwa asikose mtu wa kumjulia hali.

La pili, mie mwenyewe ntamsindikiza mwezi wa tisa wakifungua. Nina duka la mapazia na vyombo Darajani, siku zote nanunua kwa wanaoleta, kwenda mwenyewe sijawahi. Ntakuwa na wiki mbili hivi. Kuna wanaonambia usirudi bila kufika Hong Kong, wengine Foshan, wengine Macau, na nikitazama ramani naona miji imebanana utadhani mitaa ya Ng'ambo. Nyie mliokaa huko, sio mliopita uwanja wa ndege tu, angekuwa mtoto wenu mngemuweka wapi?

Mzee_Malindi:
Waalaykum salam dada yangu, hongera sana na kijana. Mie nimeingia na kutoka Guangzhou miaka mingi kwa mzigo, na mwanangu kasoma huko huko, kwa hiyo nnachokwambia nimekiona.

Ramani haijakudanganya. Ile miji imezunguka pale Mto Pearl unapomwagika baharini, tisa ni ya jimbo la Guangdong, ukitia Hong Kong na Macau inakuwa 11, na watu wake ni zaidi ya milioni 80. Tanzania nzima, bara na visiwani, sensa ya 2022 imetoa milioni 61 na kitu. Unapanda metro Guangzhou unashukia Foshan na hujui umevuka mpaka saa ngapi.

Mtoto muweke Guangzhou. Ule ni mji wa bandari tokea zamani, Waarabu na Waajemi walikuwa wakishusha mali pale karne nyingi kabla ya babu zetu kuwaza kwenda, kwa hiyo Uislamu pale si mgeni. Kuna msikiti wa Huaisheng, mnara wake una urefu kama mita 36, Waislamu wa huko wanasimulia kuwa aliyeuasisi ni Sahaba Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria wanabishana nalo, lakini ukongwe wa msikiti haubishaniwi. Upo na mwengine wenye kaburi wanalolinasibisha naye, nao Ijumaa unajaa watu wa kila rangi, Wachina, Waarabu, Wapakistani, Wasomali, sisi. Mkitoka kuswali mnakuta Waislamu wa Kichina wamepanga meza nje, mishikaki ya kondoo imepakwa bizari nyembamba na pilipili, mikate ya mviringo imetoka tanurini sasa hivi. Mtoto aliye mbali na kwao akipata Ijumaa ya namna hiyo moyo unatulia, wallahi.

Halafu mtaa wa Xiaobei. Si kama zamani, Waafrika wamepungua sana tokea korona, lakini mikahawa ya halali ipo na Kiswahili utakisikia.

Sasa biashara yako. Mapazia nenda soko la Zhongda, liko wilaya ya Haizhu, limepewa jina la chuo kikuu kilicho karibu. Ni vitambaa mtupu, jengo baada ya jengo, vaa viatu vya kutembea. Usinunue siku ya kwanza, zunguka, chukua vipande vya sampuli, andika nyuma namba ya duka na bei ya mita, usiku hotelini vitandaze kitandani utazame kwa utulivu. Pamba ya kweli na ya uongo utazijua hapo. Vyombo na vikorokoro vya nyumbani tazama upande wa Yide Lu. Foshan nenda kama unataka fanicha au marumaru, kule Lecong maduka ya fanicha yamepangana kilomita na kilomita, kama hutaki fanicha usipoteze siku.

Mzigo wako hautojaza kontena, utachanganywa na wa wenzio na utalipia kwa kyubiki, yaani kwa mita za ujazo. Kila boksi liandikwe alama yako kwa wino mkubwa pande zote, na uwepo mwenyewe wakati wa kupima. Mie nimewahi kupokea bandarini maboksi ya mtu mwengine na yangu yakaonekana baada ya mwezi.

Kijana_Chake:
Shikamoo mama. Ami Mzee_Malindi nakuheshimu na ya biashara yote umesema kweli, lakini kwa mtoto wa kompyuta mie nasimama na baba yake. Nimesoma Shenzhen, nimemaliza, sasa nipo nyumbani Pemba nafanya kazi niliyojifunza kule.

Kwanza lugha. Guangzhou wenyeji wanazungumza Kikantoni, darasani utafundishwa Kichina cha serikali, ukitoka nje bibi wa sokoni anakujibu kwa lugha nyengine kabisa na mwanafunzi mpya anachanganyikiwa. Shenzhen karibu kila mtu kahamia kutoka mikoa mengine, kwa hiyo wote wanazungumza Kichina cha serikali ili waelewane. Mie nilianza kuomba maji na kupatana bei mapema sana kuliko wenzangu wa Guangzhou. Na kwa vile wote wahamiaji hakuna anayekuona wewe peke yako ndo mgeni, hilo mama usilidharau.

Pili kazi. Mwaka 1980 ndo serikali ilipoifanya Shenzhen kanda maalum ya uchumi, kabla ya hapo ilikuwa mji mdogo wa mpakani na vijiji vya wavuvi na wakulima, leo ina watu zaidi ya milioni 17. Huawei ipo, Tencent wenye WeChat wapo, BYD wa magari ya umeme, DJI wa droni, wote makao yao makuu pale. Mwanafunzi akiwa na akili anapata pahala pa kujifunza kazi, na akitaka kujua simu inatengenezwaje anashuka Huaqiangbei, soko la vifaa vya elektroniki, anaona mafundi wamekaa kwenye meza ndogo, mmoja anabandua kioo kwa hewa ya moto, mwengine anachomelea chipu anatazama kwenye darubini, na vipuri vimejaa kwenye visanduku vya plastiki kama njugu. Nilikuwa nasimama pale mpaka miguu inauma. Mabasi ya mji yote ni ya umeme tokea 2017, barabarani husikii muungurumo.

Msikiti upo, Meilin, unajaa Ijumaa ila kama chuo kiko mbali ni safari kwa metro, sitokuficha. Halali atapata, kila mtaa kuna mkahawa wa tambi za Lanzhou, wenyewe Waislamu, watazame wanavyozivuta kwa mikono. Mafuta ya nguruwe yanaingia mpaka kwenye mboga mikahawa ya kawaida, kwa hiyo afuate kibao cha halali basi. Ubaya wa Shenzhen ni kodi ya nyumba, ni ghali kuliko Guangzhou, kwa hiyo aombe bweni la chuo asihangaike na fleti.

Na kuhusu watu wa kumjulia hali, treni ya mwendo kasi Guangzhou na Shenzhen ni dakika 30 mpaka 40. Ijumaa moja moja ataungana na wenzake bila tabu.

Ukhty_Kikwajuni:
Mama angu, mie nimeishi Hong Kong na mume wangu kwa kazi yake. Ya mtoto nawaachia wenzangu, mie naja na moja ambalo watu wengi linawakwamisha: viza ya China ikiwa ni ya kuingia mara moja, ukivuka kwenda Hong Kong au Macau umeshatoka na kurudi hutoweza, hata kama siku zako hazijesha. Kwa hiyo ama uombe viza ya kuingia mara mbili, ama Hong Kong uiweke mwisho na urudi nyumbani kutokea huko. Tafadhali usije ukawacha mabegi Guangzhou ukasema naenda kutembea narudi jioni.

Hong Kong yote pamoja na visiwa vyake ni ndogo kuliko Unguja, na watu ni milioni 7 na nusu. Kwa hiyo wamejenga kwenda juu, vyumba vya hoteli ukifungua begi huna pa kukanyaga, na bei zake hazishikiki. Lakini ni mji wa kuuona. Gari zinapita kushoto kama kwetu, Kiingereza kinakutosha, WhatsApp inafanya kazi, wakati China bara imefungwa. Msikiti wa Kowloon uko barabarani kabisa Nathan Road, na hatua chache kuna jengo la Chungking Mansions, ndani utapata pilau na chapati za Wahindi na Wapakistani. Panda feri ya Star Ferry magharibi taa zikianza kuwaka. Siku mbili zinatosha, kununua usinunue kitu.

Macau iwache safari hii. Magofu ya kanisa la Mreno na kasino, wewe unakwenda kwa mapazia.

Mama_Jangombe:
Mashaallah, Allah awalipe kheri. Hiyo ya viza hakuna aliyenambia hata ajenti. Mwanangu wa Chake umeniyumbisha, nimemsomea kijana karuka na baba yake kacheka. Naona tutakwenda na Shenzhen, mie hoteli nichukue Guangzhou karibu na soko nimfuate kwa treni. Mwezi wa tisa hali ya hewa vipi, na kwenye simu nifanyeje?

Mzee_Malindi:
Hapo sina ubishi, kijana kajieleza na mtoto mwenyewe karidhia. Mwezi wa tisa bado joto na unyevu kama wetu wa kaskazi, na ni msimu wa tufani, ikitangazwa kaa hotelini. Ila maonyesho makubwa ya biashara, yanayopandisha bei za hoteli, yanaanza katikati ya Oktoba, kwa hiyo wewe hoteli utapata kwa bei nzuri. Uwe umeshamaliza kabla ya tarehe 1 Oktoba, ni sikukuu yao, karibu wiki nzima viwanda vinafunga na treni hazipatikani.

Kijana_Chake:
Mama, Alipay itie kwenye simu ukiwa bado Unguja na uiunganishe na kadi ya benki, kule noti watu hawana habari nazo. Laini yako ya hapa ifunguliwe kutumika nje, WhatsApp itakamata kwa hiyo. Na mtoto akilala kwa mtu badala ya hoteli au bweni, aende polisi kujiandikisha ndani ya saa 24, hoteli wanakuandikisha wenyewe. Nimekutumia ujumbe ndani, nipe jina la chuo nikuunganishe na vijana waliopo.