Msaada: kipicha cha sura chenye saini "J.S. 1790 I", ni John Smart kweli?

Mleta uzi: Wakuu, nipo London, nauziwa kipicha cha ofisa mwenye koti jekundu, urefu sm 6, rangi ya maji juu ya pembe ya ndovu. Pembeni pameandikwa J.S., chini yake 1790, kisha I. Muuzaji anadai ni kazi ya John Smart, yule Mwingereza mchoraji wa picha ndogo wa karne ya 18. Ndani ya kioo kuna vitone kama jasho. Nifungue nifute, au niachane nacho?

Fundi_Karatasi: Usifute kabisa! Rangi hizo zimeshikwa na gundi arabiki (utomvu wa mgunga) tu, kitambaa chenye unyevu kidogo kinaondoka na shavu zima. Vitone hivyo ni kioo chenyewe kinaoza: kina alkali nyingi (kemikali kama magadi), inavuta unyevu wa hewani na kutokeza juu. Kitone kikigusa rangi, doa halitoki. Mpe mhifadhi wa kazi za sanaa afungue fremu aweke kioo kipya. Kuosha kile cha zamani ni kuahirisha tu, kitatoa jasho tena. Pembe nayo ni nyembamba mno, hewa ikikauka ghafla inajikunja au kupasuka. Weka penye unyevu wa asilimia 50 hivi usiobadilikabadilika, mbali na jua, maana wekundu wa mashavu ndio hupauka mwanzo.

Kombo_Mnadani: Hiyo I ni India. Smart alifanya kazi Madras 1785 hadi 1795, kwa hiyo mwaka unakubali. Ila herufi tatu na tarehe yeyote anaghushi. Chukua lenzi ya mara 10, angalia chini ya macho. Smart hakumstahi mtu, mikunjo yote anaichora, kwa mistari midogo iliyobanana hadi ngozi inaonekana laini. Macho makubwa na mawingu ya buluu nyuma, huyo ni Richard Cosway, mchoraji mwingine wa zama hizo, au wanaomwiga. Ukikuta vidoti vimejipanga safu, ni chapa ya mashine, rudisha hapo hapo.

Mleta uzi: Fremu ni ya dhahabu, na nyuma kuna nywele zilizosukwa chini ya kioo.

Kombo_Mnadani: Nzuri, lakini fremu huhamishwa. Nywele hazimtaji mchoraji.

Mzee_wa_Vibali: Kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji akuoneshe usajili. Tangu Juni 2022 Uingereza imezuia biashara ya pembe. Picha ndogo za kabla ya 1918 zisizozidi sentimita za mraba 320 zinaruhusiwa, ila ni lazima zisajiliwe kwanza. Ukitaka kuvuka nayo mpaka, hapo unahitaji vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.