Mrejesho: dada yangu aliyekuwa hawezi kuinuka kwenye kigoda

Wakuu habari, niliwauliza kuhusu dada yangu wa Igombe muanika dagaa, mapaja na mabega hayana nguvu, kuinuka kwenye kigoda mpaka ashike ukuta, kope zimevimba rangi ya zambarau na vipele juu ya vifundo vya vidole. Zahanati moja walishampa dawa za taifodi mara tatu, jirani naye akasema karogwa.

Aliyeniambia "pima CK" (kipimo cha damu kinachoonyesha kama misuli inaharibika) ubarikiwe sana aisee. Ikasoma zaidi ya 6,000 wakati kawaida ni kama 200 kushuka chini. Tukaenda hospitali ya Bugando, Mwanza, wakakata kinyama kidogo pajani, jibu dematomayositisi, yaani kinga ya mwili inashambulia misuli na ngozi yake yenyewe. Wakamcheki na kansa maana kwa watu wazima mara nyingine vinatembea pamoja, siku hiyo sikula kitu, ila yuko safi.

Sasa anameza dawa za kutuliza hiyo kinga: predinisoloni asubuhi baada ya uji (haiachwi ghafla hiyo) na methotreksati mara moja TU kwa wiki, Jumapili, nimezichora duara kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu maana ukiimeza kila siku inaweza kukuua. Predinisoloni imefanya uso uwe wa duara, na kwa kuwa inaweza kupandisha sukari, tunapima. Kuanika kawaachia wanae, yeye anauza kivulini na kofia pana, jua linaamsha vipele.

Juzi kachana nywele mwenyewe, mikono juu. Ngazi ya daladala bado tunamsukuma, anacheka tu.