Telč na vijiji vyake bila gari: inawezekana?

Bintimgeni

Hamjambo wakubwa kwa wadogo. Nasoma Brno, hapa Ucheki, mwaka wa kwanza, na Praha nimeshaizunguka mpaka miguu ikaomba msamaha. Oktoba nina siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, nataka kwenda Telč nikaone mji mdogo na vijiji vya jirani. Sina gari, Kicheki changu ni cha kununulia mkate tu, na nguruwe sili. Chumba nimeshapata karibu na uwanja mkubwa. Ninachoogopa ni kukwama kijijini bila basi. Aliyepita njia hiyo anielekeze.

Babu_wa_Reli

Mdogo wangu, hiyo hofu ni ya haki. Nimekaa mkoa wa Vysočina miaka tisa na mabasi yake yamenifundisha adabu.

Kwanza ratiba. Kwenye ubao wa kituo utaona alama ya nyundo mbili zilizopishana. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilidhani ni basi la kwenda karakana! Kumbe maana yake ni siku za kazi pekee. Nilisimama pale Jumamosi saa nzima, kijiji kimya, mbwa mmoja ananitazama kwa huruma, mwisho nikatembea kilomita saba. Msalaba mdogo ni Jumapili na sikukuu, na hiyo ndiyo alama utakayoitafuta na usiione. Basi za vijijini zimepangwa kwa ajili ya wanafunzi na wafanyakazi. Wakipumzika wao, nazo zinapumzika. Kwa hiyo vijiji nenda Ijumaa, Telč yenyewe ibakize Jumapili. Ratiba zote ziko kwenye programu ya IDOS, na inaaminika.

Jumamosi panda treni. Kuna reli ndogo inayotoka Kostelec u Jihlavy, inapita Telč na Dačice, inaishia Slavonice karibu na mpaka wa Austria. Ni kitreni kifupi cha dizeli, kinakwenda kama mtu anayesalimia kila jirani. Angalizo: vituo vyenye alama ya x kwenye ratiba ni vya kuomba. Usipobonyeza kitufe, dereva anapita, na ukiwa nje usiposogea uonekane, anapita vilevile.

Dačice usiiruke. Watalii wanaikimbia kwa sababu haina sura ya Telč, lakini ndiko sukari ya vipande ilikozaliwa. Zamani sukari iliuzwa kwa bonge kubwa gumu lenye umbo la pia, unalivunja kwa shoka au koleo. Inasimuliwa kwamba mke wa meneja wa kiwanda, Jakub Kryštof Rad, alijikata kidole akilivunja, akamwambia mumewe atafute njia nyingine. Rad akapata haki ya ubunifu wake mwaka 1843. Leo pana mnara wa kumbukumbu pale, nao ni mchemraba mweupe wa jiwe, basi. Nilicheka peke yangu barabarani. Mimi ninayetia vijiko vitatu kwenye chai nilijiona nimefika kuhiji.

Slavonice utaangalia kuta: nyumba zimechorwa kwa kukwangua lipu, picha juu ya picha. Enzi ya ukomunisti huku kulikuwa ukanda wa mpaka, mtu haji kutembea tu hivihivi. Nadhani ndiyo maana hadi leo pametulia.

Mama_Knedlíky

Bintimgeni mwanangu, mimi nikuambie ya tumboni. Neno la kushika ni *vepřové*, ndiyo nguruwe. Lakini halitoshi, maana kuna *sádlo*, mafuta yake, na *slanina*, nyama yake ya mafuta, na hizo hujificha. Hata *svíčková*, ambayo ni ng'ombe kwa mchuzi mzito, mara nyingi nyama yake huchomekwa slanina. Uliza. Salama zaidi ni *smažený sýr*, jibini ya kukaanga, au samaki: *pstruh* na *kapr*. Oktoba ndio msimu wa kukausha mabwawa na kuvua kapr, na Telč imezungukwa na mabwawa, kwa hiyo huenda una bahati.

Beba noti. Vilabu vya vijijini vingi havitaki kadi. Na duka la kijiji likifungwa Jumamosi saa sita mchana, ndio hadi Jumatatu, nunua mapema.

Ukiingia popote, dukani, kliniki, hata kwenye lifti, sema *dobrý den*. Ni kama kupiga hodi. Ukiingia kimya ndipo wanakukodolea macho. Ukisema, wanakujibu wote kwa pamoja kama darasa. Ukikaribishwa nyumbani vua viatu mlangoni, watakupa ndala za ndani. Hapo utajisikia umerudi kwenu.

Bintimgeni

Ahsante mama, na babu umenichekesha. Hiyo Ijumaa sasa, niende kijiji gani? Naweza kutembea kilomita kumi na kitu bila kulalamika.

Babu_wa_Reli

Basi la kwenda Mrákotín. Ni kijiji cha mawe: ule mnara mrefu wa itale katika ua wa ngome ya Praha umetoka kwenye machimbo ya huko. Kutoka hapo ingia msituni. Njia zina alama za rangi kwenye miti, mstari wa rangi katikati ya mistari miwili myeupe, na penye njia panda kuna vibao vya kilomita. Unaweza kuelekea Javořice, mita 837, kilele kirefu kuliko vyote katika nyanda hizi za juu. Usitegemee mandhari ya kukutoa machozi, kileleni ni miti na mtambo wa matangazo. Raha iko njiani: watu wenye vikapu, wanaokota uyoga, na hawatakwambia wameutoa wapi.

Saa za basi la kurudi ziandike kwenye karatasi. Msituni simu hupoteza mtandao.

Bintimgeni

Nimeshaangalia. La mwisho lina nyundo, na Ijumaa ni siku ya kazi. Nimefaulu mtihani?

Babu_wa_Reli

Angalia kama hiyo Ijumaa si tarehe 28 Oktoba. Ni sikukuu ya taifa.