Kijiji kimetugomea dodoso na fildi imebaki wiki nne, naombeni ushauri

Mpiga Dodoso
Wakuu habari za jioni, mods naomba msiunganishe huu uzi na ule wa ajira za madaktari, hapa nina shida ya haraka.

Mimi ni mwanafunzi wa udaktari mwaka wa nne, chuo nakihifadhi. Tuko fildi ya afya ya jamii wiki sita, kijiji kimoja kando ya Ziwa Victoria, grupu letu watu kumi na wawili na kwa bahati mbaya kiongozi ni mimi (nilikuwa nimeenda kununua maji waliponichagua). Kwa wasioijua hii kazi, mnaingia kijijini, mnapita kaya kwa kaya na dodoso, mnatafuta matatizo ya afya yaliyopo, mnapanga lipi kubwa lipi dogo, halafu mnafanya kitu cha kusaidia na mnaandika ripoti. Wiki ya kwanza yote imeishia kwenye barua, mara kwa mganga mkuu wa wilaya mara kwa mtendaji wa kata, wiki ya pili ndio tukaitisha mkutano. Nikasimama nikajieleza vizuri tu. Nilipomaliza akanyanyuka mzee mmoja ana pama kichwani, swali moja tu: "Wenzenu walikuja mwaka jana, wakahesabu vyoo vyetu, wakachukua na choo cha watoto kwenye vikopo. Majibu yako wapi?"

Watu wakacheka, halafu wakanyamaza ule ukimya mnaoujua, mwenyekiti akafunga mkutano.

Tangu siku hiyo tukibisha hodi tunaambiwa mwenye nyumba hayupo, na sauti inayosema hayupo ni ya kwake mwenyewe. Mpaka leo tuna kaya 19. Supavaiza kwenye simu anasema dodoso lisiguswe, ni la presha na kisukari limeandaliwa chuoni, na tunatakiwa kaya 384 kwa sababu fomula imesema hivyo, wakati kijiji chenyewe kina kaya kama 400 hivi. Watu hapa wanalalamika tumbo na maji, presha hata hawaitaji. Na kibaya zaidi wenzangu wanne wameshaanza kujaza madodoso wenyewe chini ya mwembe. Nifanyeje?

Bulicheka
Pole dogo. Jazeni tu hapo chini ya mwembe mrudi mkasome surgery, wote tulijaza, hakuna mtu anasoma hizo ripoti. Afya ya jamii ni mapumziko kabla ya mitihani, usijitie ubingwa.

Nesi wa Bonde
Mleta uzi usimsikilize huyo. Mimi muuguzi, nipo zahanati ya kijiji mwaka wa 11 sasa na kila mwaka naletewa wanafunzi, wanakunywa chai yetu, wananakili vitabu vyetu vya MTUHA (vile vya kuandikia wagonjwa na takwimu za zahanati), wanapiga picha na bango la zahanati, wakiondoka ndio basi tena. Huyo mzee mwenye pama mimi namuelewa kabisa, tena amewauliza kwa upole.

Kwanza tafuta hiyo ripoti ya mwaka jana, lazima ipo, kama sio kwenye kabati la idara basi kwenye simu ya mmoja wao. Muisome kwa wanakijiji kabla hamjauliza swali jingine lolote. Pili mkae na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, muombe kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje, mhesabu kwa miezi watu wanakuja na nini, majina msiyaguse. Siku mbili zinatosha na mtajua kijiji kinaumwa nini kabla hamjabisha hodi. Tatu mhudumu wa afya ngazi ya jamii atembee na nyinyi, yeye anajua nyumba ipi ina msiba na ipi ina ugomvi. Na mkija kijijini acheni hayo makoti meupe, mkipita kumi na wawili mmevaa meupe watu wanadhani kuna kipindupindu.

Karabai
Mi sio daktari ni mtu wa dagaa, ila niseme kitu. Mnabisha hodi saa ngapi? Kama ni saa nne asubuhi mvuvi ametoka ziwani alfajiri, kapakua, kalala, mke yuko anaanika dagaa. Akikwambia hayupo ni kweli hayupo, yuko usingizini. Nyie angalieni mwezi. Mbalamwezi ikikolea hatuendi dagaa maana taa hazivuti, zile siku ndio wanaume wote wapo nyumbani hawana kazi wanacheza bao, itisheni mkutano hapo mtajaza uwanja. Na mkifika msianze na habari ya "msioge ziwani", tuoge wapi sasa?

Mtu wa Wodi 7
Dogo nimepita huko, sasa hivi niko wodi ya magonjwa ya ndani hospitali ya rufaa.

Hiyo 384 inatoka kwenye fomula ya watu wengi wasiohesabika, umeweka asilimia 50 na kosa la asilimia 5. Kijiji kikiwa na kaya 400 kuna masahihisho yake, inashuka mpaka kama 196. Mpigie supavaiza umueleze kwa adabu na hesabu mkononi, sio kwa malalamiko, wengi wanakubali.

Habari ya mwembe iacheni leo leo. Sikutishi ila inaonekana. Watu wa kweli ukiwauliza umri wanakwambia 30, 35, 40, 50, wengi wanakadiria, kwa hiyo dodoso la kweli linajaa sifuri na tano. Anayepika anaandika 23, 37, 41 ili ionekane ya kweli, na hapo ndipo anapokamatwa.

Kuhusu tumbo, mko ziwani, fikirieni kichocho cha tumbo. Mimi hapa wodini napokea mwanaume wa miaka 30 na kitu anatapika damu beseni zima, bandama imefika kitovuni, kwao walishasema karogwa. Tunamwongezea damu, tunamtibu, anapata nafuu, anarudi kwenye maji yale yale. Bulicheka huyo mgonjwa surgery yako utamfanyia mara ngapi?

Ila mkiwaza kugawa dawa msijiamulie, hiyo ni kazi ya wilaya. Praziquantel, dawa ya kichocho, inapimwa miligramu 40 kwa kilo, mashuleni wanakadiria dozi kwa kijiti cha kupimia urefu, na mtoto awe amekula. 2008 Morogoro watoto walipata kizunguzungu na kutapika, uvumi ukasambaa kwamba wamepewa sumu, zikazuka vurugu mashuleni. Dawa ilikuwa nzuri tu, shida wazazi hawakuelezwa vya kutosha.

Wa Eldoret
Sasa wadau, mimi niko Kenya, nilisomea Chuo Kikuu cha Moi. Sisi tuna kitu inaitwa COBES, ni masomo ya kwenye jamii, unarudi kwa jamii mara kadhaa, si mara moja tu, kwa hivyo hata wewe mwenyewe unaogopa kudanganya juu mwaka ujao utakutana na hao wazee tena kwa baraza ya chifu. Siku hizi kuna hawa wahamasishaji wa afya wa jamii, serikali iliwapa begi na simu 2023, ukitembea na mmoja wao hakuna boma utafungiwa mlango. Nesi amesema ukweli.

Pingamizi
Mi nauliza tu. Wakisoma majibu mbele ya watu si wataombwa kisima? Wanafunzi wana kisima? Mnampa huyu dogo mzigo ambao halmashauri yenyewe imeshindwa.

Nesi wa Bonde
@Pingamizi waombwe. Waseme kisima hatuna, ila haya mliyotuambia tutayaandika na nakala itabaki kwa mtendaji, mkienda halmashauri wakati wa bajeti mna karatasi mkononi. Mtu mzima akiambiwa sina anaelewa, asichoelewa ni mtu kuondoka na choo cha mwanae bila kuaga.

Mpiga Dodoso
Wakuu mrejesho, samahani nimechelewa, huku mtandao ni wa kupanda juu ya jiwe.

Karabai Mungu akubariki, tumesubiri mbalamwezi uwanja umejaa mpaka watu wamekaa kwenye mitumbwi. Makoti tumeacha kambini. Ya mwembe tumechana yote, nilikagua umri nikakuta 27, 33, 41, 58, nikacheka peke yangu. Supavaiza kwenye sampo amekubali 196, maswali ya presha yanabaki ila ametuachia tuongeze ya maji na tumbo. Kitabu namba 5 tumepitia na mfawidhi, kuhara na tumbo vipo juu sana, presha kurasa nzima inapita hujaiona.

Ripoti ya mwaka jana tuliipata kwa mwanafunzi wa mwaka wa tano. Nikaisoma mkutanoni kwa Kiswahili, mhudumu wa afya akitafsiri Kisukuma kwa wazee. Nikafika pale inaposema kitongoji cha chini kaya zote zina choo. Yule mzee akavua pama. Akasema "Mimi nakaa kitongoji hicho. Choo changu kilidondoka masika, wao walikuja baada ya masika. Walihesabu shimo gani?" Wa pili akanyoosha mkono, wa tatu, wakafika tisa ambao hawajawahi kuulizwa kitu na mtu.

Basi nikawaambia ukweli kwamba na sisi tulikaribia kufanya hivyo hivyo. Kesho yake mzee alikuja mwenyewe kambini na fimbo yake, tangu hapo anatutangulia kila nyumba, tumefika kaya 71.

Sasa swali jipya. Kwenye ripoti yetu niandike kwamba ile ya mwaka jana ilipikwa? Maana aliyeisaini ndiye huyu huyu supavaiza wetu.

Bulicheka
Mkuu hicho kijiji kinaanza na herufi gani?