Kegi ya Seif (kundi la ukoo, Jumamosi asubuhi)

Seif (Wete): Assalaam alaykum. Shikamooni wakubwa. Nimeona kegi tupu ya bia Dar, ya stenlesi, lita 50. Nataka niigeuze mtambo wa kutoa mafuta ya mchaichai. Ami Hamadi, niangalilie kabla sijatoa pesa: kegi, mpira mweupe wa maji mita 3 wa kupitisha mvuke, valvu ya kuufunga mvuke, koili ya shaba ya friji kuukuu, gundi ya silikoni ya kuzibia viungo, ndoo ya maji ya kupozea koili, jiko la gesi, na chupa ya soda ya kupokelea.

Shangazi Zuwena: Kegi ya nini??

Seif: Ya bia shangazi. Tupu.

Shangazi Zuwena: Nyumba ya marehemu kaka yangu leo inaingia pipa la ulevi, kisha tuambiwe ni mchaichai. Mtaa mzima utasema Seif anapika gongo.

Nasra (Maskati): 😂😂 Shangazi, chuma kikioshwa kinatoharika.

Ami Hamadi (Dar): Waalaykum salaam. Marahaba Seif. Niko kazini, nakujibu vipande vipande. Hiyo kegi anauza nani?

Seif: Jamaa wa skrepa.

Ami Hamadi: Ana risiti? Kegi ni mali ya kiwanda cha bia hata ikiwa tupu. Hana risiti, mwachie mwenyewe. Sitaki kukufuata kituoni.

Ami Hamadi: Na ukiipata ya halali, usiing'oe ile shingo ya juu kabla hujatoa gesi yote. Ndani mna bomba refu limebanwa na springi na pete. Kegi "tupu" inaweza kubaki na presha, na bomba likifyatuka halichagui jicho wala kidevu.

Seif: Sawa Ami. Na vifaa?

Ami Hamadi: Valvu ifute. Ifute kabisa. Mvuke kutoka kwenye kegi lazima uwe na njia wazi mpaka kwenye chupa, haufungwi na kitu. Siku utakayosahau kuifungua, jiko linawaka chini, umetengeneza bomu uwani kwa mama yako.

Ami Hamadi: Na njia huziba hata bila valvu. Majani yakiloa yanapanda na maji yanayochemka, yanakaa mdomoni. Kwa hiyo weka sahani ya stenlesi yenye matundu juu ya maji, majani yakae juu yake, yapitiwe na mvuke tu. Usilijaze pipa hadi shingoni. Bomba la kutokea liwe pana, inchi moja na nusu au mbili, usinipe mrija wa kalamu.

Seif: Mpira je? Muuzaji kasema unavumilia moto.

Ami Hamadi: Moto labda. Mafuta hauvumilii. Mafuta ya majani hula plastiki na mpira, mwisho unauza mafuta yanayonuka ndala. Hapo ndipo pa kutia pesa: kila kinachoguswa na mvuke au mafuta kiwe stenlesi, shaba safi au kioo. Gasketi iwe ya tefloni. Hiyo gundi yako kaweke kwenye sinki.

Seif: Basi koili ya friji ni shaba, inafaa?

Ami Hamadi: Ya friji kuukuu imejaa oili ya kompresa, utaiosha mpaka uchoke. Nunua mpya, ni ile ile ya mafundi friji. Na fundi friji ndiye akuungie, kwa fimbo ya fedha ya kulehemu. Asilehemu kwa risasi. Maji baridi yaingie kwenye ndoo kwa chini, yatoke juu.

Nasra (Maskati): Huku Jabal Akhdar mawaridi huchumwa majira ya kuchipua, na wazee wamekuwa wakiyapika kwenye majiko ya udongo na vyungu vya shaba. Lakini wao wanachotaka ni maji ya waridi. Mafuta ndiyo yenye taabu.

Seif: Na chupa ya soda?

Ami Hamadi: Ya kioo, sio ya plastiki. Mafuta ya mchaichai huelea, unayachota juu na maji unayatolea chini. Ya karafuu huzama. Ukitengeneza chupa ya mchaichai ukaitumia kwa karafuu, utamwaga mafuta ukabaki na maji.

Shangazi Zuwena: Hata mie najua hilo. Na makonyo, vile vikonyo vya karafuu, usiguse Seif, yanauzwa serikalini. Mie nayajua ya kiwanda cha makonyo cha Wawi kabla hujazaliwa.

Seif: Siyagusi shangazi. Mchaichai tu.

Ami Hamadi: Kisha piga hesabu. Mchaichai mbichi hutoa kama gramu 3 hadi 5 kwa kilo. Ukitia kilo 6, unapata gramu 18 hadi 30. Chupa moja ya dawa ya kikohozi haijai.

Seif: ...Ami ungeniambia hili mwanzo.

Ami Hamadi: Ungeniacha nisimalize ya valvu.

Nasra (Maskati): Mie nitanunua hizo gramu zote.

Seif: Basi nakwenda kumwuliza jamaa risiti. Bila risiti nasubiri nyingine.

Shangazi Zuwena: Ikija ioshe uwani, mbele yangu. Na jiko liweke upande wa mfenesi, usiweke kwenye dirisha la Bi Mize. Yule akinusa, Ijumaa imamu anajua.